Plastiki Nene Si Ubao

Ndugu mfanyakazi, saa ya kazi ikiisha unarudisha kofia ya chuma, unavua viatu vizito, unakwenda zako nyumbani. Kule mgodini yuko mtu wa kukuuliza miwani yako iko wapi. Yuko kapita wa kukuzuia usipeleke mkono kwenye mashini inayozunguka. Nyumbani hakuna kapita. Ukiwa Kasuku, Mikelenge ao ng'ambo ya mto Alunguli, ukiwasha mashini yako mwenyewe nyuma ya nyumba, kapita ni wewe. Na mikono unayoitumia ni ile ile miwili inayongojewa kazini kesho asubuhi.

Mara nyingi ukurasa huu unasema juu ya mwamba, vumbi na baruti. Leo tuseme juu ya kazi ya Jumamosi: kukata plastiki nene kwa msumeno wa mkanda, ule ambao mafundi waliosoma Kifaransa wanauita scie à ruban. Ni mkanda wa chuma wenye meno, umefungwa kuwa duara, unazunguka juu ya magurudumu mawili, na unapita katikati ya meza ukishuka kutoka juu kwenda chini. Fundi wa mbao anaupenda kwa sababu unakata mviringo na haurushi ubao kama msumeno wa sahani. Sifa hiyo ni ya kweli. Lakini ni sifa iliyopatikana kwenye ubao, na plastiki nene ni kitu kingine kabisa.

Sababu ya kuikata tunaijua. Kindu iko mbali na maduka ya vyuma. Kipuri kikitoka Lubumbashi kinapanda gari la moshi kupitia Kamina, Kabalo na Kongolo. Kikitoka Kinshasa kinakuja kwa ndege, na bei yake inaruka pamoja nacho. Basi mwenye mashua ya moteri inayoshuka Lualaba mpaka Ubundu, safari ya kilometa 300 hivi, akiona bushi ya shafti imekwisha, hangoji bronzi. Anatafuta gogo la nailoni ao la polietileni, anamletea fundi. Vilevile mwenye mashini ya kukoboa mpunga, na mwenye mkokoteni ambaye gurudumu lake linalia kama nguruwe. Bushi ya plastiki iliyotengenezwa vizuri inafanya kazi bila kelele na haili shafti. Hatuwakatazi. Tunataka mfanye kazi hiyo na vidole kumi, mmalize na kumi.

Kwanza ujue umeshika nini

Watu wanasema "plastiki" kama vile ni kitu kimoja. Ni ukoo mkubwa, na ndugu wa ukoo huo hawafanani tabia. Kabla ya kuwasha mashini, chukua kipande kidogo, ukitie katika ndoo ya maji. Kikielea, ni polietileni ao polipropileni: laini, chepesi, kinayeyuka upesi. Polietileni inaanza kuyeyuka kwenye digrii 120 na kitu hivi, yaani joto lisilopita sana lile la maji yanayochemka. Kikizama, huenda ni nailoni, ao asetali, ao PVC ya mabomba mazito, ao ile plastiki inayong'aa kama kioo. Nailoni ni ngumu na inavumilia joto zaidi. Inayeyuka kupita digrii 200. PVC haifiki mbali: kwenye digrii 80 hivi imekwisha kulegea.

Jaribio hili la ndoo halina gharama, na ni bora kuliko lile la kuchoma kwa kiberiti na kunusa moshi. Ile tabia ya kunusa moshi iachwe. Moshi wa PVC una asidi inayouma mapafu, na moshi wa asetali una gesi inayochoma macho na koo.

Kuna kitu kimoja ambacho hupaswi kukikata hata kwa nafasi moja. Maniema ni nchi ya migodi tangu zamani. Symétain ilichimba kasiterite huko Kalima tangu miaka ya 1930, SOMINKI ikaundwa mwaka 1976 na kuunganisha kampuni hizo, kisha ikakoma mwaka 1997. Nyumba za mashini za zamani namna hiyo, popote zilipo duniani, zilikuwa na vibao vya umeme vyeusi ao vya kijivu, vigumu kama jiwe. Fundi akikiona anafikiri ni plastiki nzuri isiyoungua. Baadhi ya vibao hivyo vina amianti ndani yake, zile nyuzi ambazo vumbi lake likiingia katika mapafu halitoki, na ugonjwa wake unaweza kungoja miaka 20, 30 ao zaidi kabla ya kujionyesha. Kibao cha umeme cha zamani usichokijua asili yake, kiache kilipo. Usikitoboe, usikipige msasa, usimpe mtoto akichezee.

Na lile pipa la plastiki lililobeba dawa za kiwandani ao mafuta, usilitie kwenye msumeno likiwa limefungwa. Mvuke uliobaki ndani unangoja cheche moja tu.

Kwa nini mkanda unakwama

Fundi wa mbao aliyezoea libuyu na mvule anaweka gogo la polietileni mezani, anasukuma, na kwa sentimeta mbili za kwanza anacheka: linakatika kama sabuni. Kwenye sentimeta ya nne mashini inaanza kunguruma. Kwenye ya sita mkanda unasimama, ao unakatika kwa kishindo. Ni kitu gani kimetokea?

Ni joto. Kila jino likikata linazaa joto. Ukikata chuma, joto linakimbia kupitia chuma chenyewe. Plastiki hairuhusu joto kupita. Chuma kinapitisha joto zaidi ya mara mia moja kuliko polietileni. Kwa hiyo joto linabaki pale pale kwenye mfereji wa msumeno, kati ya meno na ukuta wa mfereji. Chenga zinalegea, zinajaza nafasi kati ya jino na jino, zinageuka kuwa uji. Uji huo ukipita nyuma ya mkanda unapoa na kushikana tena. Umekata mbele, na nyuma yako jeraha limejifunga. Mkanda umekamatwa kama mguu katika tope la mvua.

Halafu plastiki yenyewe inavimba kwa joto kuliko chuma, tena zaidi ya mara kumi. Kipande cha polietileni cha milimeta 100 kikipata digrii 30 zaidi kinaongezeka nusu milimeta hivi. Kuta mbili za mfereji zinavimba na kuukaba mkanda kutoka pande zote mbili.

Dawa ya kwanza ni meno. Mkanda wa meno madogo mengi, mzuri kwa mabamba membamba, haufai hapa: nafasi za meno yake zinajaa upesi. Kwa kitu kilichopita sentimeta mbili na nusu kwa unene, tafuta mkanda wenye meno matatu ao manne tu kwa kila sentimeta mbili na nusu za urefu, yenye nafasi pana, na yaliyopindwa vizuri kushoto na kulia ili mfereji uwe mpana kuliko mgongo wa mkanda. Na uwe mkali. Hapa tuseme wazi: ajali nyingine zinaanza kwenye ubahili. Mkanda mpya ni ghali na unatoka mbali, kwa hiyo mtu anautumia ule ule mpaka meno yamekuwa kama ya mzee. Mkanda butu haukati, unasugua. Na kusugua ni kupika. Kisha mwenye mashini anasukuma kwa kifua chake. Siku mkanda ule utakapopenya kwa ghafula, mikono yake iko wapi?

Dawa ya pili ni mwendo wa kusukuma. Usibembeleze sana, maana jino lisilouma linasugua. Usilazimishe, maana chenga hazitapata njia ya kutoka. Angalia chenga zenyewe: zikitoka kama nyuzi fupi zilizojikunja, endelea. Zikitoka kama vidonge vilivyoyeyuka, ao ukiona utando unang'aa juu ya meno, simama. Kata sentimeta tatu ao nne, ngoja kidogo, endelea. Mfereji ukiwa mrefu, zima mashini, ngoja isimame kabisa, kisha uchomeke kabari nyembamba ya mti nyuma ya mkanda ili kuta zisikutane. Gogo nene unaweza kulikata nusu kutoka upande mmoja, uligeuze, umalizie upande wa pili.

Wengine wanamwaga maji. Maji yanapoza, ni kweli, lakini mashini ya mbao haikutengenezwa kwa maji: yanateremka kwenye moteri na nyaya, na wewe umesimama kwenye sakafu yenye maji ukishika swichi. Hewa ya pampu ni bora. Hata pampu ya baiskeli mkononi mwa msaidizi aliyesimama mbali na mkanda inasaidia.

Na mkanda ukikwama? Hapa watu wanakosea kwa haraka. Usiuvute gogo nyuma mashini ikiwa inazunguka: mkanda utatoka kwenye magurudumu. Zima. Ngoja. Magurudumu ni mazito na yanaendelea kuzunguka baada ya kuranti kukatwa. Masikio yatakuambia yamesimama kabla ya macho. Ndipo uchomeke kabari na kulitoa gogo polepole.

Gogo la duara

Tumefika mahali penye hatari kubwa kuliko zote, nasi tutakaa hapa kidogo. Kama utasahau yote mengine ya ukurasa huu, usisahau hili.

Bushi inatoka katika gogo la duara. Fundi analilaza juu ya meza, analishika kwa mikono miwili, analisukuma kuelekea mkanda. Angalia vizuri mambo yanavyokwenda. Gogo la duara linagusa meza kwa mstari mmoja tu, chini ya tumbo lake. Meno yanashuka. Yanauma ubavu wa mbele, ule ulio upande wa mkanda, na ubavu huo haukushikiliwa na kitu chochote chini yake. Yanaukandamiza chini, na gogo linaviringika. Likiviringika, sehemu yake ya juu inakwenda mbele, kuelekea meno. Na ni nini kilichokaa sehemu ya juu? Mikono yako.

Hutaweza kulizuia. Mtu anafikiri mikono yake ina nguvu, kwa kuwa inabeba nondo na kusukuma mikokoteni. Lakini jambo hili linatokea kabla hujafikiri, na plastiki inateleza kuliko mti. Viganja vyenye jasho haviishiki. Tena plastiki laini inauma meno kwa pupa: jino linazama ndani zaidi kuliko linavyozama kwenye mti mkavu, na kadiri linavyozama ndivyo linavyovuta.

Kwa hiyo gogo la duara halikatwi bila kitanda. Kitanda chake ni rahisi. Chukua mbao mbili zilizonyoka, uzirande kila moja ukingo mmoja kwa mshazari wa digrii 45, uziunganishe ziwe mfereji wa umbo la V, na chini uzipigilie kwenye ubao bapa ili zisiyumbe. Misumari iwe mbali na mahali mkanda utakapopita. Bora gundi na skrubu za mti upande wa mwisho. Laza gogo ndani ya V. Sasa linagusa mahali pawili badala ya pamoja, na meno yakilikandamiza linakaa. Usiishie hapo: lifunge na kitanda chake kwa jiriwa, ao kwa kipande cha ubao juu yake chenye boliti mbili. Kitanda na gogo viende pamoja kama kitu kimoja, na mikono yako ishike kitanda, mbali na mkanda. Msumeno utakata plastiki na kitanda chake pia. Usikionee huruma. Kitanda kingine kinatengenezwa kwa nusu saa na mabaki ya mbao yaliyo chini ya meza yako.

Kipande kifupi kina hatari kuliko kirefu. Gogo likibaki fupi kiasi kwamba kulishika kunaleta vidole karibu na meno kuliko upana wa viganja viwili, limekwisha kazi ya msumeno huo. Lifunge kwenye jiriwa ya meza, ulikate kwa msumeno wa mkono.

Na hapa tuseme maoni yetu, hata kama mafundi wengine watakunja uso: kwa bushi moja ao mbili, msumeno wa mkono unatosha. Gogo la unene wa milimeta 80, limeshikwa na jiriwa, msumeno wenye meno makubwa, jasho kidogo, basi. Mkono hauzalishi joto la kuyeyusha, na msumeno wa mkono unasimama mara moja ukisimama wewe. Mashini ni ya kazi nyingi. Mtu anayewasha grupu, kunywesha petroli na kufunga mkanda kwa ajili ya kipande kimoja anafanya hivyo kwa sababu anapenda kelele yake.

Meza, kinga na kuranti

Kinga ya juu, kile chuma kinachofunika mkanda, inashuka na kupanda. Ishushe mpaka ibaki nafasi ya kidole kimoja tu juu ya gogo. Wengi wanaiacha juu kabisa ili waone vizuri. Wanachokiona ni sentimeta 20 za meno zilizo wazi bila kazi. Mwisho wa mfereji usisukume kwa dole gumba. Tumia kijiti cha kusukumia, chenye pengo mwishoni, na kitundikwe kwenye mashini kwa kamba ili usiwe na udhuru wa kukitafuta. Vipande vilivyodondoka karibu na mkanda viache ao viondoe kwa kijiti hicho.

Usivae glavu wakati wa kukata: jino likishika uzi wa glavu linavuta mkono mzima. Glavu ni za wakati wa kubadilisha mkanda, mashini ikiwa imezimwa na waya umechomolewa, kwa sababu mkanda uliokunjwa unafunguka kama nyoka. Pete, saa, mikono mirefu ya shati, kikwembe kilichofungwa kiunoni: vyote vikae mbali. Miwani ivaliwe.

Misumeno mingine imeundwa na wachomeleaji, kwa rimu za gari na chuma cha pembe. Hatuidharau, kuna mafundi wenye akili kubwa. Lakini ukinunua moja ao ukiunda moja, uangalie magurudumu. Yakiwa wazi, yafunike kwa bati ao mbao nene mbele na ubavuni, juu na chini. Mkanda ukikatika unaruka nje pale palipo wazi, na mtoto aliyesimama kutazama yuko pale pale. Sikiliza pia kiungo cha mkanda kilichochomelewa: ukisikia "ta, ta, ta" kwa kila mzunguko, kuna ufa unaanza. Zima kabla haujakatika wenyewe.

Kuranti yetu mnaijua. Ukikata kwa nguvu ya grupu dogo, na jirani aliyeunganishwa akawasha friji yake, moteri inalegea na mkanda unapunguza mwendo ndani ya gogo. Wewe unaona haukati, unasukuma zaidi. Friji ikizima, nguvu inarudi yote kwa ghafula, na mkanda unaruka mbele ukiwa umeuegemea. Siku ya kukata plastiki nene, grupu liwe la msumeno peke yake. Kuranti ikikatika, kitu cha kwanza ni kuzima swichi, si kuchungulia mkanda. Watu wanasafisha meno kwa vidole wakati wa giza, kisha kuranti inarudi bila kubisha hodi.

Na grupu likae nje, mbali na dirisha na mlango. Usilifungie ndani ya atelye wala jikoni kwa kuogopa mvua ao wezi. Moshi wake una gesi isiyo na rangi wala harufu ya kukuonya. Unasikia kichwa kinauma, usingizi unakujia, unakaa chini upumzike, na huinuki.

Mama wa nyumba, sehemu hii ni yako

Jioni msumeno ukinyamaza, chini ya meza panabaki lundo la chenga nyeupe ao nyeusi. Tunajua makala mabichi yanavyosumbua kuwaka wakati wa mvua, na plastiki inashika moto upesi. Usiwashie makala kwa chenga hizo. Hujui ni za plastiki gani, na fundi mwenyewe mara nyingi hajui. Kama kuna PVC ndani yake, moshi wake ni ule wa asidi tuliousema, na anayeuvuta kwanza ni yule aliyeinamia jiko, pamoja na mtoto aliyebebwa mgongoni. Chenga zifagiwe siku ile ile, maana kwenye saruji zinateleza kama mchele uliomwagika, ziwekwe katika mfuko uliofungwa, mbali na jiko na mbali na kuku.

Usikubali pia kila zawadi ya ubao mweupe wa kukatia nyama. Kipande kizuri, laini, kilichotoka kwenye mashini ya mgodi ao kwenye pipa la dawa, kimekunywa vitu ambavyo sabuni haiviondoi. Muulize baba kimetoka wapi. Asipojua, kiwe kiti cha kuku.

Na watoto: waambieni mstari ulio chini. Piga mstari kwa chokaa, hatua tatu kutoka kwenye mashini, pande zote. Mashini ikiwa inalia, hakuna anayevuka mstari, hata akiitwa kula, hata akileta maji. Mwenye kutaka kumwita baba asimame kwenye mstari mbele yake, apunge mkono, angoje. Usimguse mtu aliye kwenye msumeno mgongoni wala kumwita kwa nyuma. Akigeuka kichwa, mikono inafuata.

Neno la fundi wa mashua

Kwa kuwa tumetaja bushi za mashua, neno moja dogo la kazi yenyewe, maana bushi mbaya inakurudisha kwenye msumeno mara ya pili. Kata ndefu kuliko kipimo kwa milimeta mbili ao tatu, acha ipoe, hata usiku mmoja, ndipo upime. Kipimo cha plastiki yenye moto kinadanganya. Na nailoni inakunywa maji: ikikaa Lualaba inavimba, na tundu lililokuwa sawasawa kwenye nchi kavu linaikaba shafti baada ya majuma machache. Uipe nafasi zaidi kuliko unavyoipa bronzi, ao chagua polietileni ngumu, ambayo hainywi maji karibu hata kidogo.

Ajali ikitokea

Zima mashini kwanza, hata kama aliyeumia anapiga kelele. Mtu wa pili asije kuumizwa na mkanda ule ule.

Damu ikitoka sana, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu, na uinue mkono juu kuliko moyo. Usifungue kila mara kuangalia; hesabu dakika kumi. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Usitie udongo, wala majivu, wala petroli, wala kahawa. Kidole kikikatika kabisa, kifunge katika kitambaa safi chenye unyevu, ukitie katika mfuko safi wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo uuweke katika chombo cha maji ya baridi. Kidole chenyewe kisiguse maji wala barafu. Kiende pamoja na mgonjwa; mganga ndiye atakayesema kama kinafaa. Mwulize pia juu ya sindano ya pepopunda, hata kama kidonda ni kidogo.

Plastiki ya moto ikigandamana na ngozi, usiibandue. Mimina maji ya baridi kwa dakika 20, kisha nenda hospitali nayo ikiwa hapo hapo.

Chenga ikiingia machoni, usisugue. Osha kwa maji safi mengi, ukifungua na kufumba jicho. Kama haikutoka, funika bila kukandamiza, uende kwa mganga siku ile ile, na umwambie kwa kinywa chako kwamba ni plastiki. Chenga ya chuma inaonekana kwenye picha ya radiografia na inaweza kuvutwa kwa sumaku. Ya plastiki haivutwi, na picha kwa kawaida haiionyeshi. Usipomwambia, anaweza kukurudisha nyumbani nayo.